Moja Kati ya Sita

Wiki iliyopita, katika kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana, nilisikia kitu kikigongagonga ndani ya kopo nyuma ya darasa. Nilikuwa nimegeukia ubao, ninaandika, na mkono ukasimama wenyewe. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walidhani nimekasirika. Sauti ile ilikuwa kavu na nyepesi, ya vitu vidogo vigumu vinavyotikiswa ndani ya kitu kisichojaa, na kwa muda nikawa si mwalimu wa hisabati wa hapa Namanyere tena. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, jikoni kwa bibi yangu kule Mwimbi, macho yananiwasha kwa moshi.

Niligeuka nikanyoosha mkono. Binti mmoja akaniletea kopo la mafuta ya kujipaka lenye dadu mbili ndani. Walikuwa wanashindania maandazi. Ilinipasa nimwadhibu; badala yake nikamuuliza ameshinda mangapi. Darasa zima lilicheka, ila mimi cheko langu halikutoka vizuri. Tangu siku hiyo sijatulia, na nimewachagua ninyi mnaosoma niwaambie, kwa sababu nyumbani kwangu wameshachoka kuniona nikizunguka sebuleni kama mtu aliyepoteza funguo.

Kwanza niseme nilivyokuwa. Nilikuwa mtoto asiyekaa. Kwetu Chanji, Sumbawanga mjini, mama akinituma kiberiti nilikuwa naenda dukani, narudi, nakumbuka sikuuliza kama kuna sukari, naenda tena, bila mtu yeyote kuitaka hiyo sukari. Mwaka niliomaliza darasa la saba hali ilizidi. Mnaujua ule wakati: mtihani umeshapita Septemba, huna shule, sare imeshagawiwa kwa mdogo wako, na hakuna kazi nyingine ila kusubiri matokeo. Mtu wa miaka kumi na tatu anasubiri miezi kuambiwa kama ataendelea na shule au ndiyo basi. Nilikuwa siwezi kula nimekaa. Nilikula natembea, sahani mkononi, kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma.

Kilichonituliza kidogo kilikuwa dadu. Rafiki yangu Zuhura, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa, alikuwa na ubao wa ludo, na tulicheza nyuma ya duka lao juu ya majora ya vitenge. Lakini mimi kete hazikunishughulisha. Nilichotaka ni kurusha na kuandika. Mwalimu wetu alikuwa ametuambia siku moja, kwa kupita tu, kwamba ukirusha dadu mara nyingi sana kila namba itatoka karibu sawa na nyingine. Nikaona nimjaribu. Nilirusha mara mia sita, nikachora vijistari kwenye daftari mpaka Zuhura akalalamika kuwa mimi si mtu wa kucheza naye, mimi ni karani. Nilipohesabu, kila namba ilikuwa imetoka mara zinazokaribia mia moja. Sikulala vizuri kwa furaha. Nilihisi nimeshika siri ambayo watu wazima wote wa Chanji hawaijui, na kwamba kwa siri hiyo ningeweza kuwasaidia, kama wangenisikiliza.

Hawakunisikiliza. Mwezi wa kumi mama alinichoka, akanipandisha basi dogo la Matai na begi la nguo, niende Mwimbi nikamsaidie Bibi kilimo. Zuhura alinipa dadu moja kama kumbukumbu, kwa sharti nimrudishie na karanga.

Bibi Nachalwe ni mama yake baba. Alikuwa anaishi peke yake tangu Babu afariki, miaka miwili kabla. Babu alikuwa katekista, mtu wa kalamu na vitabu vya nyimbo. Bibi hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na sijawahi kumwona akiharakisha jambo. Yeye alisema nami Kifipa, nami nikamjibu Kiswahili kama watoto wote wa mjini, na tulielewana vizuri isipokuwa pale ambapo sikutaka kuelewa.

"Mjukuu wangu, kaa," alikuwa akiniambia. "Unanitia kizunguzungu."

Nitakaaje, na upepo ule? Mwimbi ni nyasi na anga. Upepo wa Ufipa unatoka mbali bila kukutana na kitu, unafika mlangoni kwa Bibi, unapiga bati, unaondoka, unarudi. Usiku na mchana kitu fulani kilikuwa kinagonga. Na mimi nilikuwa narusha dadu yangu kwenye kifuniko cha sufuria, ta-ta-ta, mpaka Bibi akaipa jina: hicho kidude. Hicho kidude kimelala? Hicho kidude hakili ugali?

Juu ya mafiga palikuwa na kichanja cha fito kilichokuwa kimepakwa moshi kikawa cheusi tititi, na juu yake vibuyu vitatu vimezibwa kwa magunzi. Ndimo ilimokaa mbegu ya mahindi. Bibi alikuwa ameichambua mwenyewe baada ya mavuno, punje za katikati ya hindi tu; za huku na huku kwenye ncha ni za kula. Na vibuyu vilikuwa vitatu kwa sababu alipanda mara tatu. Shamba lake alikuwa analigawa mafungu matatu. Mvua ya kwanza ya Novemba ikinyesha, kibuyu cha kwanza. Baada ya wiki mbili hivi, cha pili. Karibu na Noeli, cha tatu. Kwenye kila shimo mbegu tatu, akaziba kwa unyayo. Niliijua kazi hiyo tangu nikiwa mdogo, maana likizo za nyuma mimi ndiye niliyekuwa natembea nyuma yake nikidondosha mbegu, naye ananikumbusha bila kugeuka: "Tatu, tatu."

Mwaka ule nilimuuliza kwa nini asipande yote mara moja, kila mtu anaona kuwa mahindi ya mwisho hutoka mafupi na magunzi yamejaa mapengo. Akasema ndivyo wanavyopanda. Jibu hilo lilinikera hata nikatoka nje kuzunguka nyumba mara mbili.

Sasa, ukutani sebuleni palikuwa na kalenda za parokia. Babu alizitundika kwenye msumari mmoja, mwaka mpya juu ya mwaka wa jana, na Bibi hakuwahi kuzitoa. Nilizishusha siku moja kwa kukosa la kufanya, nikakuta ni sita, na kila moja imejaa vijistari vya wino wa bluu. Siku iliyonyesha, Babu alikuwa amechora kistari kwenye kisanduku cha tarehe. Siku iliyonyesha sana, viwili. Miaka sita ya mvua ya Mwimbi, kwa mkono wake uliotulia. Na mimi nilikuwa na dadu yenye nyuso sita. Hebu niambieni mtoto kama mimi angefanya nini.

Nilikaa chini. Nadhani nilikaa saa tatu nzima, kwa sababu Bibi aliporudi kutoka kisimani alisimama mlangoni akaniuliza kama naumwa.

Nilichokiona ni hiki. Mvua ilianza Novemba kila mwaka. Katika miaka mitano kati ya sita haikukatika tena, ila mapengo ya siku chache. Vistari viliendelea hadi Desemba na kuendelea. Katika mwaka mmoja tu ilianza vizuri, kisha vikafuata visanduku vitupu, vitupu, vitupu, karibu wiki tatu, ndipo ikarudi. Nikamuuliza Bibi kila fungu la shamba humpa magunia mangapi. Alijibu bila kuwaza: la kwanza manne, mvua ikikatika hupati kitu, la pili matatu, la tatu mawili. Nikachukua daftari. Kwa namna yake, mwaka mzuri ni magunia tisa na mwaka mbaya matano. Kwa miaka sita, hamsini. Akipanda shamba zima kwa mvua ya kwanza, mwaka mzuri ni kumi na mawili na mwaka mbaya sifuri. Kwa miaka sita, sitini. Magunia kumi ya bure, yamekaa hapo, na hakuna aliyekuwa ameyaona tangu Mwimbi iwe Mwimbi!

Nilimwonyesha jikoni, naye anapepeta ulezi. Nilizungumza haraka, nimesimama, narusha dadu kumwonyesha kwamba moja ni nadra. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana Bibi hakatishi mtu. Kisha akauliza, "Na mwaka wa sifuri tunakula nini?"

"Yale kumi ya ziada, Bibi."

"Huo mwaka mbaya unakuja wa ngapi?"

Nikaangalia daftari langu. Nilikuwa nimeandika miaka mizuri mitano juu, mmoja chini ya mwingine, na ule mbaya mstari wa mwisho, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyopendeza. Kwenye kalenda za Babu haukuwa wa mwisho. Ulikuwa wa pili. Lakini mimi nilisoma kilichokuwa daftarini.

"Wa sita," nikasema.

Akatikisa kichwa, akaendelea kupepeta. Nilijua ameshakataa. Na hapa, wenzangu, nafika mahali ambapo mpaka leo miguu inanitaka niondoke. Sikuweza kuvumilia. Nilikuwa nasubiri matokeo ambayo sikuwa na uwezo nayo, nilikuwa na akili ambayo hakuna aliyeihitaji, na upepo ulikuwa unapiga bati. Nikasema, "Si mimi, Bibi. Ni Babu kasema. Imeandikwa."

Ungo ukasimama.

"Kasema?"

"Kasema tupande yote pamoja."

Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akachukua kalenda ya juu kati ya zile nilizokuja nazo. Aliishika kwa mikono miwili. Akaweka kidole juu ya kistari kimoja cha bluu, taratibu, kana kwamba wino haujakauka. "Hapa?" akauliza.

"Hapo."

Akairudisha kalenda juu ya zile nyingine. Kisha akasema tutapanda kama alivyosema. Nilitoka nje nikakimbia mpaka mwisho wa shamba na kurudi, na sikujua kama nakimbia kwa furaha au kwa nini.

Mvua ya kwanza ilikuja katikati ya Novemba, siku tatu mfululizo, ile ya kuloweka hasa. Siku ya nne asubuhi Bibi alishusha vibuyu vyote vitatu, akatoa vizibo, akamimina yote kwenye kikapu kimoja mbele ya macho yangu. Nilifurahi kuona vile vibuyu vikitoa pumzi ya moshi. Udongo ulikuwa mweusi na laini, kwa sababu Bibi bado alikuwa analima kwa intumba, yale matuta ya duara ya Kifipa: mwezi wa tatu unafukia majani chini ya udongo, yanaoza humo humo mpaka msimu unaofuata. Ukipiga jembe panatoka harufu ya ukungu na uyoga.

"Mwaka huu shika jembe wewe," Bibi akaniambia. "Umeshakuwa mkubwa. Mbegu nitadondosha mimi."

Nilivimba kichwa. Jembe ni kazi ya mtu mzima. Nilitangulia mbele nikichimba mashimo, hatua moja, shimo, hatua moja, shimo, naye nyuma yangu na kikapu kiunoni, anadondosha na kuziba kwa unyayo. Sikugeuka nyuma hata mara moja. Nilikuwa nahesabu mashimo. Mama Yasinta, jirani yetu, alipita njiani na jembe begani, akasimama akatushangaa tulivyovuka fungu la kwanza tukaingia la pili.

"Mama, mwaka huu mnakimbilia wapi?" akauliza.

"Nimepata mtaalamu," Bibi akamjibu.

Ilituchukua siku mbili. Jioni ya pili shamba zima lilikuwa limepandwa, vibuyu vimerudi kichanjani, na Bibi akanisugua mgongo kwa mafuta ya nyonyo. Baada ya siku saba mahindi yakachomoza yote kwa pamoja, mistari mirefu ya kijani, na nikatembea kati yake kama mwenye shamba.

Kisha mvua ikakata.

Siku za kwanza sikujali, maana kwenye kalenda palikuwa na mapengo ya siku nne, siku tano. Nilianza kuchora vistari vyangu kwenye daftari, au tuseme nilianza kutovichora. Sita. Saba. Nane. Anga ilikuwa safi kupita kiasi. Upepo ulikuja na vumbi sasa. Nilikuwa naenda shambani asubuhi, naenda mchana, naenda jioni, nilichonga njia mpya kwa miguu yangu. Majani ya mahindi yalianza kujikunja yenyewe kama karatasi za kusokotea tumbaku. Nilikuwa nayakunjua kwa vidole, moja moja. Nikigeuka yameshajikunja.

Nilirusha dadu. Nilijiambia kuwa moja ni mwaka mbaya, nyingine zote ni nzuri. Ikatoka nne, nikapata nguvu ya kula. Kesho yake ikatoka sita. Siku ya kumi na moja ikatoka moja, nikairusha tena haraka, nikasema ile haihesabiwi, imegonga mguu wa kigoda. Ikatoka moja tena. Niliificha dadu chini ya godoro kana kwamba ndiyo iliyofunga mawingu, halafu nikarudi nikaichukua kwa sababu mikono ilikosa cha kushika.

Bibi hakunilaumu. Hilo ndilo lililonimaliza. Angenigombeza ningepumua. Alipika, alifagia, alikwenda shambani akarudi, akinikuta nimesimama mlangoni aliniambia kaa, nami sikukaa. Mafungu ya pili na ya tatu ya shamba, ambayo kwa mpango wa Bibi yangekuwa bado udongo mtupu unaosubiri mvua, yalikuwa yanakauka sambamba na la kwanza. Mama Yasinta, aliyekuwa amepanda kidogo tu, alituonea huruma akaacha kupita njia ile.

Katikati ya hayo baba alipiga simu. Simu ya Bibi ilikuwa inachajiwa dukani, kwa hiyo mwenye duka ndiye aliyekuja mbio kunipa habari: matokeo yametoka, nimefaulu, nimechaguliwa kwenda sekondari. Bibi alitoka mlangoni akapiga kigelegele, sauti nyembamba iliyochukuliwa na upepo mara moja. Mimi nikaangua kilio. Akanikumbatia akidhani ni furaha. Nilikuwa nimelisubiri jambo hilo tangu Septemba, na lilipofika nilikuwa siwezi kulifikiria zaidi ya nusu dakika, kwa sababu nilikuwa nimemwua Bibi kwa njaa na yeye alikuwa ananipigia kigelegele.

Siku ya kumi na tisa nilikwenda shambani nikavuta mche mmoja. Ulitoka na mizizi yake bila ubishi wowote. Nikauvuta wa pili, wa tatu. Nikarudi jikoni, jua bado liko juu, Bibi anachochea moto, nikasema kabla sijavuka kizingiti: "Babu hakusema."

Hakugeuka. "Hakusema nini?"

"Hakusema tupande yote. Alichora mvua tu. Mimi ndiye niliyesema."

"Najua," Bibi akasema. "Babu yako aliandika mvua ya jana. Ya kesho hakuwahi kuisema, na alikuwa hadanganyi."

Niliitupa ile miche chini. Nikamuuliza, sasa mbona ulikubali?

"Ulinisomea mkono wake," akasema. "Nilitaka iwe kweli."

Kisha akavuta kigoda, akapanda, akashusha kibuyu kimoja kutoka kichanjani. Ndipo nilipoona kwamba vibuyu viwili vilikuwa wazi na hicho kilikuwa kimezibwa kwa gunzi. Akakitikisa mbele ya uso wangu. Kikalia. Ile sauti kavu, nyepesi, ya vitu vidogo vigumu ndani ya kitu kisichojaa. Nilidhani ni dadu. Nilishika mfuko wangu. Dadu ilikuwemo.

Akaweka kibuyu magotini, akanyoosha kiganja chake kikubwa, akatoa kizibo akamimina punje tatu. Akazisukuma mbili upande mmoja wa kiganja kwa kidole gumba, na moja akaiacha katikati.

"Ulikuwa mbele unachimba," akasema. "Nilidondosha mbili, mbili."

Nilihesabu mashimo yote ya shamba lile. Nilihesabu hatua, magunia, miaka, vistari vya bluu, mara mia sita za dadu. Kitu ambacho sikuhesabu ni mbegu zilizokuwa mkononi mwa Bibi, hatua moja nyuma yangu.

Ningependa niwaambie kuwa nilimshukuru. Nilikasirika. Nilimwambia, "Kwa hiyo hukuniamini!" na nikatoka nikazunguka nyumba, nikiwa mtoto aliyetaka aaminiwe na palepale asamehewe. Bibi aliniacha nizunguke mpaka nikachoka, ndipo akaniita kula.

Mvua ilirudi siku nne baadaye. Tulipanda kibuyu kile kwenye fungu la chini, karibu na kijito, safari hii mimi nikidondosha na yeye akiniambia tatu, tatu. Tulivuna magunia mawili. Mwaka mbaya kwa namna yake ya siku zote ungempa matano, kwa hiyo hisabati yangu ilimgharimu Bibi matatu, na mwaka ule alikula mihogo na viazi zaidi kuliko alivyopenda, na baba akatuma unga kutoka mjini. Baba alipouliza ilikuwaje, Bibi alimjibu kuwa mvua ilikata. Ilikuwa kweli. Hakusema lingine, wala siku ile, wala baadaye.

Mimi nilienda sekondari, nikaenda chuo, na huko nikajifunza majina makubwa ya yale niliyoyafanya jikoni kwa Bibi. Niligundua kuwa hesabu yangu ya magunia sitini haikuwa na kosa hata moja. Wanafunzi wangu wakiifanya leo nawapa alama zote. Kosa lilikuwa kwenye ule mstari wa mwisho wa daftari, pale nilipoupangia mwaka mbaya mahali pa kukaa. Dadu haipangwi. Moja inaweza kutoka ya kwanza, kabla hujapata hata gunia moja la ziada la kukuvusha, na mtu mwenye shamba moja na tumbo moja hawezi kusubiri miaka sita ili wastani wake ukae sawa. Bibi aliliuliza hilo kwa maneno machache: mwaka mbaya unakuja wa ngapi. Nimesoma vitabu vinene ambavyo havijawahi kuniuliza swali zuri kama lile.

Lakini hilo nililielewa nikiwa na miaka ishirini na kitu, na halikunitoa usingizi. Linalonizungusha sebuleni wiki hii ni jambo jingine, nililolielewa nikiwa nimelishika lile kopo la mafuta mbele ya darasa. Miaka yote nimejisemea kuwa Bibi hakuniamini, ndiyo maana alificha mbegu. Sasa nafikiria kile kiganja. Alijua nimemdanganya. Alijua tangu kidole chake kilipokuwa juu ya ule wino. Mwanamke anayejua kuwa anadanganywa anadondosha moja, au hadondoshi kabisa, au anampiga mtoto kofi na kupanda kama alivyopanda mama yake. Yeye aliinama mashimo yote yale, siku mbili, mgongo unamuuma, na katika kila shimo akapima upya ni kiasi gani cha chakula chake cha mwaka ampe mtoto asiyekaa, aliyekuja kumsomea mkono wa marehemu mumewe kwa uongo.

Dadu za binti yule nilimrudishia, nikamwambia asizilete tena darasani. Kesho tunarudia sura ya sehemu, na nimeshaandaa ubao kichwani: mbili juu ya tatu. Nitaiandika nikiwa nimewapa mgongo, na nitajitahidi nisigeuke haraka. Kati ya kila mbegu tatu alizokuwa nazo, Bibi alinipa mbili.